Kutoka Pendekezo Lililopitishwa hadi Tasnifu Iliyokabidhiwa: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Uzamivu wa Sayansi

Siku pendekezo langu la utafiti lilipopitishwa, msimamizi alinipa mkono, akasema "sasa kazi ni yako," akakimbilia kikao kingine. Wiki iliyofuata nilifika maabara nikagundua kwamba hakuna mtu aliyenipangia ratiba. Masomo ya darasani yalikuwa yamekwisha, mtihani wa kufuzu umepita, na tarehe pekee iliyobaki kwenye kalenda ilikuwa ya mwisho wa usajili, miaka mitatu mbele.

Wengi hupotelea hapo, na mara nyingi si kwa uvivu. Wanashinda maabara hadi usiku, ila kazi yenyewe haina mipaka: jaribio moja linazaa mawili, mawili yanazaa manne, na mwaka wa tano unawakuta wakiwa na data tele na tasnifu haipo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi, kwangu na kwa wanafunzi niliokaa nao kwenye kamati baadaye, ni kuamua mapema tasnifu itabeba vielelezo gani, kisha kuvifunga kimoja baada ya kingine. Hatua zilizo hapa chini zote zinalenga huko.

Hatua ya 1: Soma kanuni kabla ya kushika pipeti

Tafuta kanuni za shahada za juu za chuo chako, uzisome mwenyewe. Usitegemee alichokuambia mwenzako aliyemaliza miaka minne iliyopita, maana kanuni hubadilika. Unatafuta mambo machache: muda wa juu wa usajili, kama ada inaendelea kudaiwa hata ukiwa unaandika tu, ni miezi mingapi kabla ya kukabidhi unatakiwa kutoa taarifa, na kama chuo kinakubali tasnifu inayoundwa na makala zilizochapishwa au kinataka kitabu kimoja kilichoandikwa upya.

Fahamu pia utahojiwa na nani. Marekani, kwa kawaida kamati iliyokufuata miaka yote ndiyo itakayosikiliza utetezi wako. Uingereza utakaa chumba kilichofungwa na watahini, kwa kawaida mmoja wa ndani na mmoja wa nje, ambao huenda hawajawahi kuiona kazi yako. Uswidi ipo desturi ya kupigilia tasnifu msumari ukutani wiki tatu kabla ya utetezi ili umma upate kuisoma, kisha mpinzani rasmi anakuhoji hadharani. Tofauti hizi zinagusa kalenda. Anayehojiwa na mgeni lazima aandike kwa ajili ya mtu asiyejua historia ya maabara yake, na anayetakiwa kuwa na kitabu kilichochapwa wiki tatu kabla hawezi kurekebisha sura ya 4 usiku wa kuamkia utetezi.

Kagua na vibali. Kibali cha maadili ya utafiti kina tarehe ya kuisha, na ukibadilisha idadi ya washiriki au aina ya sampuli, ombi la marekebisho hutangulia mabadiliko yenyewe. Kama unahamisha mimea, vijidudu au tishu kutoka nchi moja kwenda nyingine, uliza kuhusu Itifaki ya Nagoya (mkataba wa kimataifa kuhusu kutumia rasilimali za kijenetiki za nchi nyingine na kugawana manufaa yake), iliyoanza kutumika mwaka 2014, na mkataba wa kuhamisha sampuli. Data iliyokusanywa nje ya kibali inaweza kukataliwa yote, hata iwe nzuri namna gani.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya vielelezo

Kama utaruka hatua nyingine zote, usiruke hii.

Chukua karatasi kubwa, uigawe katika sura tatu au nne za matokeo. Ndani ya kila sura chora visanduku vitupu, vinne hadi saba. Kila kisanduku ni kielelezo kimoja cha tasnifu: grafu, picha ya hadubini, ramani, jedwali. Chini ya kila kisanduku andika sentensi moja nzima unayotarajia kielelezo hicho kitaithibitisha au kuikanusha. Usiandike mada. "Athari ya joto kwenye kimeng'enya" ni mada, na haikuambii lini umemaliza. "Kimeng'enya hiki hupoteza nusu ya kasi yake joto likizidi nyuzi 45" ni sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo, na jaribio likishajibu upande wowote, kisanduku kimefungwa.

Kisha, kwa kila kisanduku, jaza vitu vitano: sampuli ziko wapi, kundi dhibiti (la kulinganishia, lisilopewa kile unachokijaribu) ni lipi, marudio mangapi yanahitajika, nani mwingine anahusika, na kimebakiza nini. Cha kwangu kimoja kilisomeka hivi: "Sampuli ziko friza ya pili, rafu ya juu. Dhibiti: bafa tupu, na kimeng'enya kilichochemshwa. Marudio 5, yamefanyika 3. Mashine ya kusoma mwanga ni ya maabara jirani, zamu yangu ni Jumanne. Bado: marudio 2 na kupima protini upya." Kazi iliyokuwa ikininyima usingizi ikageuka kuwa Jumanne mbili.

Sasa kata. Ukihesabu visanduku na muda uliobaki, karibu kila mara utaona havitoshani. Ni afadhali kulijua hilo leo. Weka alama tatu: bila hiki hakuna tasnifu, hiki kinaipa nguvu, hiki kinanivutia tu. Kundi la tatu lipeleke kwenye ukurasa tofauti na uuite "baada ya shahada". Itauma, kwa sababu mara nyingi humo ndimo lilimo wazo unalolipenda kuliko yote. Uhamishe tu.

Bandika karatasi hiyo mahali msimamizi anapoiona. Siku akija na wazo jipya zuri, na atakuja nalo, huna haja ya kumkatalia. Mpeleke kwenye karatasi, umuulize kwa heshima: "Mwalimu, hiki kinaingia mahali pa kipi?"

Hatua ya 3: Itumie kamati

Omba kikao kila baada ya miezi sita hata kama kanuni zinadai kimoja kwa mwaka. Wiki moja kabla, tuma kurasa mbili: orodha ya vielelezo kama ilivyo sasa, kilichokwama, na maswali mawili ambayo kweli unataka yajibiwe. Slaidi 60 hazimsaidii mtu.

Jambo linalosahaulika ni linalofuata kikao. Siku hiyohiyo tuma baruapepe fupi kwa wote: "Asanteni. Nimeelewa kwamba tumekubaliana sura ya 3 itaishia kwenye majaribio ya seli, na majaribio ya panya hayatadaiwa kwenye tasnifu. Kama nimekosea, naomba mnisahihishe." Mwaka mmoja baadaye mjumbe atauliza, "Mbona hakuna panya?" Hapo barua hiyo itakuokoa, bila mtu kuaibika.

Msimamizi asiyejibu ni tatizo la kawaida kuliko tunavyokiri. Usimtumie tasnifu nzima ukingoje muujiza. Mtumie sura moja, umweleze unataka ushauri kuhusu mambo gani matatu, na umtajie tarehe utakayoendelea na sura inayofuata. Ikipita wiki tatu, mfuate ofisini. Ikipita miezi, mweleze msimamizi mwenza au mratibu wa shahada za juu, kwa maandishi, kwa tarehe, bila lawama. Hao wapo kwa kazi hiyo.

Hatua ya 4: Linda data kama unavyolinda pasipoti

Katika mwaka wangu wa pili friza ya nyuzi hasi 80 ilizimika mwishoni mwa juma na king'ora chake kilikuwa hakifanyi kazi. Jumatatu tulikuta maji sakafuni. Wenzangu wawili walipoteza nusu ya sampuli zao; mimi nilipoteza zote, kwa sababu niliziweka zote humo. Tangu hapo kila sampuli isiyoweza kukusanywa tena naigawa katika friza mbili, ikiwezekana majengo mawili.

Kwa faili kanuni ni nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali tofauti kabisa. Data ghafi iliyotoka kwenye mashine ifunge isiandikike; uchambuzi wote ufanyie kwenye nakala. Majina ya faili yaanze na tarehe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, mfano 2024-03-17, ili zijipange zenyewe. Andika uchambuzi kwa lugha ya programu kama R au Python badala ya kubofyabofya, kwa sababu mtahini akisema "toa hizi sampuli mbili ukokotoe upya", utataka kazi ya dakika tano, si ya wiki mbili.

Na chunga Excel. Iligeuza majina ya jeni kuwa tarehe kwa miaka mingi kiasi kwamba kufikia mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Ilikuwa rahisi kubadilisha jeni kuliko kubadilisha programu!

Hatua ya 5: Hesabu marudio vizuri, kisha ujue lini pa kuacha

Kosa linaloangusha sura nyingi ni la kuhesabu. Umechukua panya 3, ukapima seli 50 kwa kila mmoja, ukaandika kwamba idadi ni 150. Siyo. Kama dawa ilipewa panya, basi kipimo kinachojitegemea ni panya, na idadi yako ni 3. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliipa kasoro hii jina mwaka 1984, na bado ipo. Mtafute mtakwimu kabla ya jaribio. Ukimfuata baadaye, atakachoweza ni kukuambia limekufa kwa ugonjwa gani.

Kwa jaribio linalogoma, jiwekee ukomo ukiwa bado na akili tulivu. Mimi hutumia majaribio matatu, kila moja likiwa na badiliko moja linaloeleweka. La tatu likishindwa, sirudii la nne kimyakimya. Naenda kuzungumza na mtu. Matokeo hasi yaliyopatikana kwa njia safi, yenye makundi dhibiti yanayofanya kazi, yana nafasi kwenye tasnifu. Huenda jarida lisiyatake, lakini mtahini anapima kama unajua kufanya utafiti.

Kisha panga siku ya kufunga maabara, ukihesabu kinyumenyume. Tuseme unataka kukabidhi tarehe 30 Septemba. Kamati inahitaji wiki nne kusoma, kwa hiyo rasimu kamili iwafikie mwisho wa Agosti. Msimamizi anahitaji wiki tatu kabla ya hapo, tukafika mwanzo wa Agosti. Utangulizi na mjadala wa jumla vitakula mwezi na nusu, na sura za matokeo zilizobaki mwezi na nusu mwingine. Tumefika mwanzo wa Mei. Maabara basi inafungwa 30 Aprili. Baada ya tarehe hiyo unarudi kwenye benchi kwa sababu moja tu: kielelezo cha kundi la kwanza kina tundu linalokibomoa.

Hatua ya 6: Andika kuanzia katikati

Usianze na utangulizi. Utangulizi ni shimo. Utasoma makala 200 na kuandika aya mbili. Anza na mbinu, wiki hii, ukiwa bado unazikumbuka.

Mbinu nzuri humwezesha mtu asiyekujua kurudia kazi yako. Angalia sentensi hii: "Sampuli zilizungushwa kwenye sentrifuji kwa mizunguko 10,000 kwa dakika." Inaonekana kamili, kumbe haisemi kitu. Kwenye rota (kichwa cha mashine kinachozungusha mirija) yenye nusu kipenyo cha sentimita 6, mizunguko hiyo ni takriban g 6,700, yaani mara 6,700 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwenye rota ya sentimita 8 ni karibu g 8,900. Mtu akirudia kwa mashine yake, mashapo yake hayatafanana na yako. Andika: "Sampuli zilizungushwa kwa g 8,900 kwa dakika 10 katika nyuzi 4 za Selsiasi." Hivyohivyo taja toleo la programu, namba ya bidhaa ya kingamwili, na jinsi ulivyohakikisha seli zako ni zile unazodhani ni zenyewe na hazina maikoplazima (bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara).

Baada ya mbinu, matokeo. Panga vielelezo vya sura moja mezani kwa mfululizo, uvisimulie kwa sauti kwa mtu wa maabara nyingine, ukiwa umejirekodi kwa simu. Pale atakapouliza "kwa nini ulifanya hicho baada ya hiki?" ndipo panapohitaji sentensi ya kuunganisha. Ile sentensi uliyoiandika chini ya kisanduku kwenye Hatua ya 2 sasa inakuwa kichwa cha kielelezo, ikiwa imerekebishwa kulingana na ukweli uliopatikana.

Mjadala wa kila sura unafuata, kisha utangulizi, ambao sasa ni mwepesi kwa sababu unajua unatangulia nini. Mjadala wa jumla ndio mgumu kuliko yote, na ndio watahini wengi wanaousoma kwa makini. Humo usirudie matokeo. Sema sura zako zikisomwa pamoja zinaonyesha nini ambacho hakuna sura moja peke yake ingekionyesha, na udhaifu wake uko wapi. Utaje udhaifu huo wewe kwanza. Ikisiri iwe ya mwisho.

Kuhusu mwendo: saa mbili kila asubuhi kabla ya kufungua baruapepe zimenifikisha mbali kuliko mikesha. Ukimaliza, acha sentensi ya mwisho nusu. Kesho utajua pa kuanzia. Tumia Zotero au programu nyingine ya marejeo tangu ukurasa wa kwanza, na mitindo ya vichwa ya Word au LaTeX, ili yaliyomo na namba za vielelezo vijipange vyenyewe. Niliwahi kumsaidia rafiki kubadilisha kwa mkono namba za vielelezo 74 baada ya kuondoa kimoja. Sitarudia.

Hatua ya 7: Makala, kwa kiasi

Sura iliyokwisha pitiwa na wahakiki wa jarida huingia kwenye utetezi ikiwa na ngao. Lakini uhakiki huchukua miezi, na tarehe yako ya kukabidhi isitegemee uamuzi wa mhariri. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani ni mwandishi wa kwanza na nani alifanya nini. Orodha ya CRediT yenye aina 14 za mchango husaidia kumaliza ubishi. Kabla ya kuingiza makala yako mwenyewe kwenye tasnifu, hakikisha jarida linaruhusu. Ripoti ya ukaguzi wa ufanano (unaotafuta maandishi yaliyonakiliwa) ikikuonyesha wekundu mwingi unaotokana na makala hiyohiyo, usishtuke. Eleza tu mwanzoni mwa sura kwamba imetokana nayo.

Hatua ya 8: Utetezi

Soma tasnifu yako yote tena, kwenye karatasi, ukiwa na kalamu. Utakuta makosa. Yaandike kwenye orodha uingie nayo chumbani. Tasnifu ambayo Albert Einstein alikabidhi Chuo Kikuu cha Zurich mwaka 1905 ilikuwa na kosa la hesabu. Lilikaa humo hadi vipimo vya maabara vilipokataa kulingana nayo, likasakwa, na sahihisho likatoka mwaka 1911. Alikuwa daktari miaka yote hiyo.

Fanya mazoezi mara mbili: moja na watu wa fani yako watakaokubana, nyingine na watu wa nje watakaouliza maswali ya msingi. Haya ya pili ndiyo hatari. Mtu aliyejiandaa kutetea modeli yake ya takwimu anaweza kukwama akiulizwa "kwani kwa nini ulichagua spishi hii?" Andaa majibu ya sekunde 60 kwa maswali kama: umegundua nini kipya, ungeanza upya ungebadilisha nini, na kielelezo kipi unakiamini kidogo kuliko vyote.

Swali likikuzidi, usibabaishe. "Sikulipima hilo. Ningelipima kwa kuongeza kundi lisilopewa dawa, na kama hoja yangu ni sahihi ningetarajia kuona hivi." Jibu la namna hiyo ndilo wanalolitafuta.

Hatua ya 9: Masahihisho na kufunga

Watu wengi hupita kwa masharti ya masahihisho, madogo au makubwa. Andaa jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Lianze siku inayofuata, kabla uchovu haujageuka likizo ya miezi mitatu. Usilotaka kulibadilisha, litolee sababu kwa adabu.

Kabla ya kurudisha ufunguo wa maabara, weka data na msimbo wa programu za uchambuzi kwenye hifadhi ya kudumu, na uamue kama tasnifu ifungwe kwa muda kwa ajili ya hataza au makala. Fungua friza. Kila boksi liandikwe jina, tarehe, kilichomo na nani wa kuulizwa, kwa kalamu isiyofutika na baridi, na ramani yake ibandikwe mlangoni. Kisichojulikana ni nini, kitupwe ukiwa bado upo. Boksi lisilo na jina huachwa na kila anayeondoka. Kwenye maabara yetu lilikuwepo moja lenye maneno "USITUPE, MUHIMU", na hakuna aliyemjua mwenyewe.